Inuka, Mwenyekiti

Mimi ndiye yule mwenyekiti. Ndiyo, yule yule, wala msijifanye hamjasikia, maana ukishuka pale Ekerenyo leo hii uwaulize watu wa boda habari za mwenyekiti aliyekaa sakafuni mbele ya mgeni akakataa kuinuka, watakuleta mpaka mlangoni kwangu, na njia nzima watakuwa wanacheka hadi pikipiki inayumba. Wameshanibandika jina. Nikipita na kikapu changu cha majani chai nasikia tu huko nyuma, "Inuka! Inuka!", na mimi napiga moyo konde naendelea kutembea kama sijasikia. Aibu nimekula, nimeshiba, na leo acha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Osoro, ambaye kila akiisimulia anaongeza chumvi.

Kwanza mjue kwamba bodi yetu naionea fahari, na hilo sitaliombea radhi kwa mtu. Kituo chetu ni cha watoto wenye ulemavu wa viungo, kiko juu kidogo ya soko, nyumba ya mabati tuliyoisimamisha kwa mikono yetu, na sisi wanabodi ni watu wa kawaida tu: mkulima wa chai (huyo ni mimi), Osoro wa duka la dawa za mifugo ambaye ndiye katibu, fundi cherehani mmoja, mama mmoja wa kanisa la Sabato asiyechelewa hata mvua ya mawe ikinyesha, na mwalimu mstaafu. Hakuna anayelipwa. Chai ya mkutano tunajinunulia, na paa likivuja tunasogeza viti huku tunaendelea na ajenda. Zamani watoto hawa walikuwa wanafichwa, mgeni akibisha hodi mtoto anapelekwa chumba cha nyuma, lakini siku hizi wanakuja asubuhi na kelele zao zote, na mimi nikiwasikia kutoka shambani nasimama kidogo, nashika kiuno, natabasamu peke yangu.

Sasa huyo mwalimu mstaafu. Huyo ni mama mkwe wangu.

Ngojeni, msikimbilie kunihukumu, maana tulikuwa kwenye bodi pamoja kabla sijamjua mtu wa kwao hata mmoja. Siku moja ya mkutano mvua ilikuwa inamwagika, binti yake Moraa akatoka kwao Sironga kumletea mama mwavuli, akasimama mlangoni anakung'uta maji kwenye viatu, na mimi niliyekuwa nasoma ajenda nikasoma mstari uleule mara mbili hadi Osoro akanikanyaga mguu chini ya meza. Mengine mnayajua. Tulioana, na ndoa ilipoingia, chinsoni nazo zikaingia, yaani ile heshima yetu ya wakwe: mama mkwe humpi mkono, huketi karibu naye, humkodolei macho, ukikutana naye njiani unampisha kando kwenye majani. Nyumbani hayo ni rahisi. Lakini kwenye bodi? Ikabidi Osoro aketi katikati yetu, na kila neno lipitie kwake.

"Katibu, mwambie mwenyekiti amekosea," Mwalimu anasema (sote twamwita Mwalimu).

"Mwenyekiti, umekosea," Osoro anasema.

"Katibu, mwambie Mwalimu sijakosea."

Na sisi wote tumo chumba kimoja, tunasikiana vizuri kabisa! Tulivutana hivyo kwa mambo mengi, lakini zaidi kwa ile sheria yake kwamba mtoto akianguka na hajaumia, asiinuliwe na mtu, wenzake wampigie makofi wamwambie "inuka", naye ainuke mwenyewe hata akichukua muda. Mimi nilisema huo ni ukatili. Yeye akasema, "Katibu, mwambie mwenyekiti huyo mtoto hatakuwa na mwenyekiti mfukoni maisha yake yote." Tukapiga kura, nikashindwa, sheria ikapita, na watoto wakaipenda kuliko uji.

Basi. Tulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole anayetoka Kisii mjini kila wiki kuja kuwanyoosha watoto, na aliyekuwa akitumwa na shirika fulani. Shirika likasema linamleta madam kutoka Nairobi aone kama kituo kinaendeshwa vizuri, na kama hakiendeshwi vizuri, mtaalamu apelekwe kwingine. Wa kwanza kuja kwangu baada ya habari hiyo alikuwa Nyanchama, mama yake Kemunto. Huyo Kemunto alikuja kituoni akiwa amebebwa mgongoni, msichana mkubwa tayari, miguu inaning'inia, na sasa alikuwa anasimama na kutembea akisukuma fremu yake yenye magurudumu madogo. Nyanchama alisimama kando ya michai yangu akaniambia, "Mwenyekiti, huyo mtaalamu akiondoka, huyu mtoto anarudi mgongoni kwangu. Na mgongo wenyewe umeisha." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia hivyo kwa sauti kubwa kabisa, sauti ya mwenyekiti, lakini mwenyewe sikuliamini hata neno moja.

Ni huo wasiwasi ulionifanya niamue lile jambo dogo lililonimaliza. Nilikuwa nimesikia (sijui wapi, pengine kwenye chai tu) kwamba watu wa mashirika hawapendi bodi yenye watu wa ukoo mmoja. Nikamwambia Osoro, "Leo hatusemi kwamba Mwalimu ni mama mkwe wangu. Ni Mwalimu tu, basi." Osoro akanitazama akasema, "Mwenyekiti, hiyo itatuletea maneno." Nikamwambia anyamaze. Halafu, kwa kuwa siku ilikuwa kubwa, nikatoa suti yangu ya harusi. Moraa akaniona navuta pumzi ili kufunga kifungo, akasema, "Hiyo suruali inakuomba msamaha, wewe huisikii?" Naye nikamwambia anyamaze. Siku hiyo kila aliyenipa shauri la maana nilimnyamazisha.

Madam akafika, mwanamke mchangamfu anayetazama kila kitu, na mimi nikamtembeza kwa madaha, hapa mikeka ya mazoezi, hapa vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, hapa jiko letu. Akanywa uji wa wimbi, akaongezwa. Mambo yalikuwa yanaenda sawa hadi tulipoketi kwa kikao huku watoto na wazazi wamekaa pembeni wanatusikiliza. Mwalimu alipoingia, mimi nikanyanyuka nikahamia mwisho wa meza. Aliposema, nikatazama dari. Nilipotaka kumuuliza jambo, nikamuuliza Osoro. Madam akaanza kugeuza shingo, kwangu, kwa Osoro, kwa Mwalimu, kwa Osoro, kwangu.

"Mwenyekiti," akasema mwishowe, "kuna ugomvi kwenye bodi hii?"

"Hakuna, madam! Sisi ni kitu kimoja."

"Mbona wewe na Mwalimu hamwangaliani? Hata hamkusalimiana. Mimi nimefunga vituo vizuri kuliko hiki kwa sababu viongozi walikuwa hawaongei."

Nikamwona Nyanchama amemshika Kemunto bega. Hapo mtu mwenye akili angesema, madam, huyu ni mama mkwe wangu, na mambo yaishie hapo. Lakini nilikuwa nimeshaficha, na mtu akishaficha kitu anaona kukitoa ni kazi kubwa kuliko kukikalia. Nikacheka kile kicheko cha uongo nikasema, "Ni uchovu tu, madam."

Akasimama. Moyo wake ulikuwa mwema, na hilo ndilo lililoniponza. "Basi tuyamalize leo," akasema, "mpeane mikono mbele ya hawa wazazi," na kabla sijajua la kufanya alikuwa amenishika kiganja, na kwa mkono wa pili amemshika Mwalimu, anatuvuta pamoja. Chumba kizima kikasema "Iii!" Mama wa Sabato akafumba macho. Mkono wa mama mkwe wangu ulikuwa unanijia, unavutwa huku mwenyewe anakataa, na mimi nikajichomoa kwa nguvu zangu zote, nikarudi kinyumenyume, kisigino kikajikwaa kwenye mkeka, mgongo ukagonga vyuma vya kutembelea, nikaanguka nikakaa, puu! Kisha tukasikia wote suruali ya harusi ikipasuka, kuanzia mkanda kwenda chini, bila haraka.

Ee Nyasae, Mungu wangu. Nilikuwa nimekalia aibu yangu yote. Nikibaki nimekaa, hakuna kinachoonekana. Nikiinuka, boksa ya rangi ya machungwa, ambayo Moraa alinichagulia mwenyewe sokoni, itamtazama mama yake ana kwa ana.

Na hapo ndipo watoto walipoanza. Kwani wao walifundishwaje? Mtu ameanguka! Makofi yakaanza, pa pa pa, na sauti zao zote, "Inuka! Inuka! Inuka!" Madam akainama anishike mkono aninyanyue, wakampigia kelele, "Usimguse! Hapa hatuinui mtu!" Akauacha mkono wangu kama umemuunguza.

"Niacheni tu hapa," nikasema. "Kikao kiendelee."

"Inuka!"

"Nimetosheka hapa, jamani."

Kemunto akaja. Alisukuma fremu yake polepole kati ya viti, tik, tik, tik, akasimama mbele yangu akanichunguza kama daktari.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi inuka."

"Siwezi, mama."

"Hapa hatusemi siwezi. Tunasema bado." Akafikiri kidogo. "Huna cha kushika, ndiyo maana. Shika hii. Weka goti kwanza."

Akanisukumia fremu yake.

Sikuelewa mara moja. Niliona tu makofi yamekatika, nikaona Nyanchama ameweka mikono yote miwili mdomoni, ndipo nikatazama vizuri: fremu iko kwangu, na Kemunto amesimama. Hajashika chuma, hajashika mtu, hajashika kitu. Amesimama na magoti yanatetemeka, mikono ameitandaza pembeni, na mwenyewe hana habari, amenikazia macho mimi mjinga niinuke. Machozi yakanitoka palepale sakafuni, na sikuona haya kuyaacha yatiririke.

Sasa ungekataaje kuinuka? Ungeanzia wapi? Nikaweka goti. Na kabla sijaweka la pili, leso ikatua mabegani mwangu, leso ya mama mkwe ya kujitanda, bado ina joto, na sauti ambayo haikuwa imenielekea moja kwa moja tangu siku ya harusi ikasema nyuma yangu, "Jifunge, mwenyekiti. Halafu uinuke. Mtoto anakungoja."

Nikajifunga leso juu ya suti, nikashika fremu ya mtoto, nikainuka. Watoto walishangilia hadi mabati yakalia. Kemunto akafurahi kupita kiasi, miguu ikamwishia, akakaa chini puu kama mimi, wenzake wakamgeukia bila kupoteza wakati, "Inuka!", na mimi na leso yangu nikapiga makofi pamoja nao.

Mwalimu ndiye aliyemgeukia madam. "Hakuna ugomvi hapa," akasema. "Huyu ameoa binti yangu. Kwetu mama mkwe hashikwi mkono, na hivyo ndivyo anavyoniheshimu. Alikuwa kwenye bodi kabla ya kunijua kama mkwe, na mpaka leo ananipinga kila mkutano. Muulize katibu, ndiye anayechoka."

"Nachoka kweli," Osoro akasema.

Madam alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia niliogopa ataona bodi ni ya ukoo. Akasema, "Mkwe haniogopeshi. Kinachoniogopesha ni mtu anayeficha mkwe." Nikakaza leso tu. Kisha akaenda kuketi mkekani na Kemunto, na akabaki pale muda mrefu kuliko aliokaa kwenye kikao.

Mtaalamu hakuondolewa. Habari ilifika kwa simu ya Osoro, akatoka dukani mbio hajavua hata aproni, na Nyanchama aliyekuwa sokoni anauza ndizi alipiga vigelegele hadi wateja wakadhani ameozesha. Mimi nilipeleka mbuzi wa kuomba radhi kwa wakwe Sironga, maana mambo kama yale huwezi kuyaacha hivihivi, na Moraa alinisindikiza akicheka kutoka Ekerenyo mpaka lango la kwao. Leso niliifua nikaipiga pasi mwenyewe. Suruali ile sikuishona, na suti yoyote nitakayovaa mbele ya wageni tena itakuwa pana ya kunitosha mimi na Osoro. Na mama mkwe wangu sitamficha tena, hata mbele ya rais.

Mkutano uliofuata tuliketi kama kawaida, yeye kule, mimi huku, Osoro katikati. Tulipomaliza ajenda Mwalimu akakohoa.

"Katibu, mwambie mwenyekiti kwamba siku ile aliinuka vizuri."

Osoro akanigeukia, akafungua mdomo, akaona uso wangu, akaufunga.

"Katibu," nikasema nikitazama meza, "mwambie mama nimesikia. Na kwenye kumbukumbu za kikao uandike hivyohivyo: si Mwalimu tu, ni mama mkwe wangu."