Mke wa Tanuru

Mimi hutunga riwaya, kwa hiyo najua mtakavyonitazama. Lakini haya sikuyatunga. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri kuliko hii.

Mume wangu, Kizito, ni mchoraji. Miezi minne kabla ya maonyesho yake alihama nyumbani kwetu Kizwite, akaenda kuishi kwenye kibanda nyuma ya shamba la mama yake huko Malangali. Hakunigusa siku zote hizo.

"Babu zetu wakiyeyusha chuma hawakulala na wake zao," aliniambia. "Tanuru ndiye bibi harusi. Mke wa nyumbani akiona wivu, chuma kinaharibika."

Nikamcheka. Kisha nikalala peke yangu miezi minne, nikiionea wivu rangi.

Maonyesho yalifunguliwa alasiri moja ya Julai, kwenye jumba dogo la makumbusho mjini Sumbawanga. Baridi ilikuwa ile ya kukufanya ufiche vidole kwapani. Wageni walikuwa uani wakisikiliza hotuba. Mimi nikatangulia ndani. Picha zote zilikuwa kama ndoto: ng'ombe mwenye mlango ubavuni, mvua ya ulezi, matuta ya shamba yakipumua kama watu waliolala. Na katika kila picha, mwanamke yuleyule, kitenge cha rangi ya tofali, ametupa kisogo. Mimi Kizito hajawahi kunichora hata sikio.

"Umekuja na hasira zako, dada."

Mwanamke alisimama dirishani, na kitenge kilikuwa kilekile. Niaminini, joto lake lilinifikia pale nilipokuwa, kama nimefungua mlango wa tanuri la mikate.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mke mwenzio. Wewe wa nyumbani, mimi wa tanuru." Akatabasamu. "Usinune. Wewe unazeeka naye. Mimi ananijia akiwa na kazi tu."

"Mwache."

"Nikimwacha, utamtaka?"

Swali gani hilo la kumuuliza mke wa mtu? "Namtaka mzima," nikasema. "Asibaki kwako hata kidole."

"Sema tena, nisije nikakuonea."

Nikasema tena. Mungu anisamehe, nilisema kwa sauti.

Sikumwona akitoka. Sakafuni palibaki nyayo mbili za majivu, bado ya moto. Nilipoinua macho, hakuwamo kwenye picha hata moja. Pale alipokuwa, turubai lilikuwa jeupe.

Wageni wakaingia, wakayasifu yale mapengo, wakasema yana maana nzito. Kizito hakuzitazama picha. Alinitazama mimi.

"Umemwambia nini?"

Sasa analala nyumbani kila siku. Anaziba paa, anapalilia, anakula ugali wa ulezi bila kulalamika. Asubuhi hushika penseli juu ya karatasi kama mtu aliyesahau jina la mwanawe, halafu huiweka chini. Mikono yake ni ya baridi hata akiota moto. Ninaye mzima, na usiku namkumbatia kama nakumbatia gogo.

Kwa hiyo jioni mimi huenda Malangali na kikapu cha mkaa. Nawasha moto ndani ya kile kibanda, naketi mlangoni, naita: mke mwenzangu, rudi, nilikosea. Mpaka leo hajaitika.

Nawe unayenisoma, kama mtu wako ana moto wake mahali, mfungie chakula anapokwenda, umwache aende. Usiulize moto huo ni nani. Unaweza kujibiwa.