Piano Niliyoishona

Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja nilipogusa piano kwa mara ya kwanza. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kibiti, na Alhamisi ile nilikuwa nimepeleka foronya na mashuka Ikwiriri, kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Yeye huchukua oda za nyumba za wageni, mimi nashona. Tulikuwa tumefanya kazi hivyo miaka sita, na sikuwahi kupita zaidi ya kaunta yake.

Siku hiyo kaunta haikuwa na mtu. Nikapiga hodi, kimya. Lakini kwenye chumba cha nyuma kulikuwa na muziki, nikadhani redio. Mara ule muziki ukakosea, ukasimama, ukarudia palepale ulipokosea. Nikajua hiyo si redio, ni mtu. Nikasogeza pazia nikachungulia.

Mama alikuwa amekaa mbele ya piano ya mbao, miwani imemshuka puani. Kifuniko cha juu kilikuwa wazi, na ndani kulikuwa na balbu inawaka.

"Fundi, usisimame mlangoni kama mtu asiyealikwa," akasema bila kugeuka. "Unashangaa taa? Ni ya kukausha unyevu. Kwa hewa yetu hii, bila balbu mbao zinavimba, vitufe vinanasa. Wajukuu zangu waliniuliza kama nafuga vifaranga humu."

Akaniambia kwamba alikuja na piano hiyo alipoolewa. Baba yake aliipakia kwenye lori pamoja na masanduku ya nguo. Sasa mama ana zaidi ya miaka sabini, mumewe ametangulia, watoto wako mbali, na hupiga pale duka likipoa.

"Unapenda kusikiliza," akaniuliza, "au unataka kupiga?"

Swali kama hilo sikuwahi kuulizwa maishani. "Nataka kupiga," nikajibu, kabla sijawaza.

"Basi kanawe. Mikono yako ina chaki."

Nilipobonyeza kitufe cha kwanza, sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, nikautoa mkono kama niliyegusa pasi ya moto. Mama akacheka. "Haing'ati," akasema. Akanifundisha kwamba vidole vina namba: gumba ni moja, kidole kidogo ni tano. Kisha akataka nimwimbie wimbo wowote ninaoujua tangu utotoni. Mimi nimezaliwa Mbwera, kule visiwani mto Rufiji unapoingia baharini, nikamwimbia ule ambao mama yangu alikuwa akiuimba juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, tukiamia mpunga usiliwe na ndege. Mama akautafuta kwa kidole kimoja, akaupata. Kisha akatia mkono wa kushoto chini yake, na wimbo ule wa shambani ukavaa nguo mpya. Nilicheka huku machozi yananitoka.

Shida ilikuwa moja: piano iko Ikwiriri, mimi niko Kibiti, na Alhamisi ni moja tu kwa wiki. Nikatafuta dawa kwa kazi ninayoijua. Alhamisi iliyofuata nilikwenda na futi kamba, nikapima vitufe kimoja kimoja. Nyumbani nikachukua kipande cha shuka jeupe kilichobaki, nikagawa vitufe vyeupe kwa uzi mweusi, na vile vyeusi nikavishona kwa mabaki ya buibui. Namba za vidole vya mkono wa kulia nikazitarizi kwa uzi mwekundu, za mkono wa kushoto kwa uzi wa bluu, na ukingoni nikazipanga zinavyofuatana katika wimbo. Kila asubuhi nilikitandika kitambaa juu ya meza ya kukatia, nikapiga.

Mteja mmoja alikuja kupimwa gauni, akanikuta napapasa shuka huku nanung'unika namba. Alipimwa harakaharaka akaondoka, na jioni jirani yangu akaniletea ubani, ati wamesikia sokoni kwamba nimepandwa na shetani. Nikaupokea, nikafukiza chumba kizima, nikaendelea na mazoezi.

Mume wangu ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, naye pia ni mtu wa visiwani, ng'ambo ya mto wetu. Si msemaji. Asubuhi moja alisimama kando ya meza yangu na kikombe cha chai, akakitazama kitambaa.

"Na sauti yake iko wapi?"

"Iko Ikwiriri."

"Aa," akasema, akaenda zake kazini.

Baada ya miezi miwili mkono wa kulia ulikuwa unakwenda vizuri. Wa kushoto ndio ulionitesa. Nikiuunganisha tu na mwenzake, unaacha kazi yake na kumfuata, kama mtoto anayeng'ang'ania kanga ya mamake.

"Fundi!" mama alikuwa akinifokea. "Miguu yako inakanyaga cherehani, mikono inasukuma kitambaa, mdomo unaongea na mteja. Mambo matatu! Mimi nakuomba mawili tu!"

Tulikuwa tunacheka, lakini moyoni nilishaanza kujiambia kwamba mkono mmoja unanitosha. Isitoshe, kitambaa changu kilianza kuchafuka. Nilikikuta kimekunjwa si kwa mkunjo wangu, na namba za bluu zina madoa ya grisi.

"Usifutie mikono kwenye piano yangu," nikamwambia mume wangu.

"Samahani," akasema, wala hakujitetea.

Kisha ikaja Alhamisi moja mzigo wa mashuka ulikuwa mkubwa, akanipeleka kwa pikipiki. Mama akamkaribisha ndani, akatuletea chai ya maziwa na kachori. Tulipomaliza akaniambia, "Haya, mzee asikie mkewe anafanya nini huku."

Nikaanza. Mkono wa kulia ukaenda, wa kushoto ukaingia, na palepale pa siku zote ukapotea.

"Hapo ni kidole cha tatu," mume wangu akasema kutoka kwenye kiti chake.

Mimi na mama tukageuka kwa pamoja.

"Cha mkono gani?" mama akauliza.

"Wa kushoto. Tano, moja, tatu, moja. Yeye anaweka cha pili."

"Umejuaje wewe?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Akienda sokoni huwa nakitandika kile kitambaa. Wimbo naujua, hata kwetu tulikuwa tukiimbiwa. Nikaona zile namba za bluu zimekaa tu, hakuna anayezishughulikia."

"Kanawe," mama akasema.

Alinawa kwa sabuni mara mbili. Akakaa kushotoni kwangu, akahesabu vitufe vyeusi kwa macho, akaweka vidole mahali pake bila kuuliza. Alipobonyeza cha kwanza akaganda. Alikuwa ameupiga mkono ule kwa wiki nyingi, na hakuwahi kuusikia.

"Kumbe inanguruma," akasema polepole.

Kisha akaanza. Tano, moja, tatu, moja, sawasawa, kama mashine iliyofungwa vizuri.

"Usisimame!" mama akapiga kelele. "Fundi, ingia!"

Nikaingia. Tukaenda mpaka mwisho bila kusimama, bega kwa bega kwenye kibenchi kile chembamba, nami nikausikia wimbo wa mama yangu ukiwa mzima. Mama akapiga vigelegele mpaka mteja akauliza kutoka kaunta, "Humo ndani kuna arusi?"

"Ipo!" mama akajibu. "Subiri!"

Tumeoana miaka ishirini na tisa, nilidhani sina jipya la kujua kwa mtu huyu. Tukitoka nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," nikakubali.

Sasa tunakwenda wote kila Alhamisi. Nimeshona kitambaa kingine, kirefu zaidi, ili tutoshe wawili mezani. Yeye ananifundisha mkono wa kushoto, mimi namfundisha wa kulia, na kila mmoja anamwona mwenzake mzito wa kuelewa. Wiki iliyopita mama alitupa wimbo wa pili, wa utotoni mwake. Mume wangu anataka tuupige haraka, mimi nataka taratibu. Tumebishana tangu Ikwiriri mpaka Kibiti juu ya pikipiki, tukipayukiana kwa sababu ya upepo, na tulipofika nyumbani tukakuta tumesahau kununua unga.