Shangazi Anasubiri Zamu Yake

Ni alfajiri, taa ya banda ndiyo kwanza imewashwa, na Shangazi ameshaanza kulalamika.

Analia kutoka kona ya mwisho, mlio mrefu wa kuwakatisha majirani usingizi, kisha anasukuma kizuizi cha mbao kwa paji la uso. Ndoo inampita. Wenzake wanaitwa mmoja mmoja, na yeye, ng'ombe mkubwa kuliko wote humu ndani, ameachwa nyuma kama mtu aliyekuja kwenye shughuli bila kualikwa.

"Taratibu, mama, taratibu," anasema mwanamke aliyeinama chini ya ng'ombe mwingine, bila kugeuka. "Zamu yako inakuja. Utanitia uziwi leo."

Mwanamke huyo ni mkamuaji. Jina lake halisi wengi hawalijui. Wanamwita Mama Taratibu, kwa neno analowaambia ng'ombe kutwa nzima. Ana miaka hamsini na ushei, mabuti ya mpira yenye kiraka, na vidole ambavyo mume wake, fundi baiskeli, anaapa vinaweza kukaza nati bila spana.

Leo hana raha. Anakamua kwa mwendo wake ule ule, lakini kila pikipiki inayopita barabarani inamnyanyua kichwa. Anamsubiri daktari wa mifugo, anayekuja na majibu ya maziwa ya Shangazi. Majibu yakiwa mabaya, dalali wa mnadani atamchukua ng'ombe huyo leo leo.

Na tumboni mwa Shangazi yumo ndama wa Mama Taratibu.

Wake hasa, si wa kulea. Amekamua ng'ombe wa watu tangu usichana wake na hajawahi kumiliki hata mkia. Shangazi alipopandishwa, mwenye banda, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu anamwita Mwalimu tu, alimwita barazani na kumwambia mbele ya mkewe: atakayezaliwa, awe jike awe dume, ni wako.

"Nilifika nyumbani chakula hakipiti," anasimulia, huku akifuta chuchu za ng'ombe wa tatu. "Mume wangu akadhani nimefukuzwa kazi. Akaanza kunipa pole! Nilipomwambia, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, kumbe nimeoa tajiri."

Jina la Shangazi alilitoa Mwalimu mwenyewe. Anasema kila ukoo una shangazi wa namna hiyo, asipopakuliwa wa kwanza shughuli nzima imeharibika. Basi kwa miaka yote Mama Taratibu alimpa heshima yake. Akiingia bandani alianza na Shangazi, kwa mapenzi na kwa kuogopa kelele, ndipo akaenda kwa wengine.

Hapo ndipo lilipozaliwa balaa.

Asubuhi moja Shangazi aligoma kula pumba. Chuchu yake ya nyuma kushoto ilikuwa imevimba, ukiigusa inaunguza, na matone ya kwanza yalitoka na mabonge kama maziwa ya mtindi yaliyotikiswa vibaya. Mama Taratibu aliujua ugonjwa huo wa kiwele. Kila mkamuaji amewahi kukutana nao. Akamwamsha Mwalimu, na Mwalimu akampigia daktari.

Daktari ni mwanamke kijana, mpole wa maneno, anayetembea na begi kubwa kuliko mgongo wake. Alimtibu Shangazi, kisha akaomba jambo lililomshangaza kila mtu: aone wengine wakikamuliwa.

"Akaniambia, endelea tu mama, kama siku zote," anakumbuka Mama Taratibu. "Nikaona huyu binti anataka kujifunza. Nikakamua kwa madaha! Nilipofika kwa ng'ombe wa tatu akaniuliza, hicho kitambaa umeanza nacho kwa nani? Nikajibu kwa fahari, nimeanza kwa mkubwa wao. Loo! Kumbe najichimbia kaburi."

Kitambaa kilikuwa kimoja, ndoo ya maji ya uvuguvugu ilikuwa moja, na mikono ni ile ile miwili. Kilichokuwa kwenye kiwele cha Shangazi kilikuwa kinatembezwa banda zima kila siku, kikibebwa na mtu anayewapenda ng'ombe hao kuliko mtu mwingine yeyote. Wawili wengine walipopimwa, walikuwa wameshaambukizwa ingawa hawajavimba.

"Niliona aibu, sikufichi," anasema, na hapa anaacha kukamua kidogo. "Ningekuwa mvivu ningejua nalaumiwa kwa uvivu. Lakini mimi nilikuwa namtanguliza kwa kumpenda. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia."

Daktari alimfuata huko huko nyuma ya banda, akakaa naye juu ya mafungu ya majani, akamweleza kinachotokea ndani ya kiwele. Mama Taratibu anapenda kuyarudia maelezo hayo, na huyarudia vizuri.

Vijidudu huingia kupitia tundu la chuchu. Mwili ukishtuka, damu hupeleka chembe zake nyeupe, ambazo daktari aliziita askari. Zinamiminika kwa wingi ndani ya kiwele, zinavimeza vijidudu, na nyingi zinafia humo humo. Ule uvimbe, lile joto, hata yale mabonge, ni dalili kwamba mwili umeingia vitani. Dawa ya sindano na ile ya kuingizwa kwenye chuchu inasaidia, lakini askari wakiwa dhaifu, dawa peke yake haifui dafu.

"Nikamuuliza, sasa hao askari wanakula nini?" Mama Taratibu anacheka. "Akaniambia, wanakula anachokula ng'ombe. Lishe nzuri, pakavu pa kulala, asipigiwe makelele. Nikasema hayo nayaweza."

Tangu siku hiyo banda lina sheria mpya. Kila ng'ombe ana kitambaa chake, kinachochemshwa na kuanikwa. Matone ya kwanza yanakamuliwa kwenye kikombe cheusi yaangaliwe. Chuchu zinachovywa dawa baada ya kukamuliwa. Pumba zinatolewa mwisho, ili ng'ombe abaki amesimama akila hadi matundu ya chuchu yafunge, asilale kwenye uchafu yakiwa wazi. Na wanaoanza kukamuliwa ni wazima, wagonjwa wanafuata nyuma.

Sheria hiyo ya mwisho Shangazi hajaikubali hadi leo.

Wale wawili walipona. Yeye uvimbe ulishuka, joto likaondoka, akarudia pumba zake. Lakini kila alipopimwa pale bandani, maziwa ya chuchu ile yaliganda. Kipimo chenyewe ni kibao chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu, na dawa ya rangi ya zambarau. Unatia maziwa, unatia dawa, unazungusha. Yakibaki mepesi, salama. Yakivutika kama ute wa yai, kuna askari wengi ndani.

Mwalimu akaanza kukata tamaa. Si mtu mbaya. Ng'ombe wake mkubwa alikuwa akitoa lita kumi na tano kwa siku, na sasa zilikuwa zinamwagwa. Kituo cha maziwa kiliwahi kurudisha kopo zima kwa sababu ya ugonjwa huo huo, na pensheni yake ndiyo inayonunua majani.

"Nitamfuga mgonjwa mpaka lini?" aliuliza, akishika kile kibao kama mtihani wa mwanafunzi aliyefeli. "Si hii hapa, imeganda tena!"

Daktari akamjibu kwamba kipimo hicho kinawahesabu askari, hakimuoni adui. Huenda vita vimekwisha na askari bado hawajaondoka. Wakakubaliana maziwa yapelekwe maabara, vijidudu vyenyewe vitafutwe. Vikikutwa, Shangazi anakwenda mnadani. Visipokutwa, anabaki.

Mama Taratibu aliuliza swali moja tu siku hiyo. Aliuliza kuhusu ahadi.

Mwalimu aliinamisha macho. "Ahadi ilikuwa ya ndama wa Shangazi," alisema. "Shangazi akiondoka na mimba yake, nitakupa nini, mama?"

Jibu hilo limemkalia kifuani wiki nzima. Mume wake, ambaye kwa kawaida humtania kwamba ameolewa na ng'ombe, ameacha utani. Nyuma ya karakana yake alikuwa ameanza kusimamisha nguzo za kibanda kidogo. Juzi aliweka nyundo chini, akasema atamalizia siku nyingine.

Sasa zamu ya Shangazi imefika. Anaingia kwa kishindo, anampiga mkamuaji wake mkia wa uso, ndipo anatulia. Mama Taratibu anamfuta, anakamua kidogo kwenye kibao, anatia dawa, anazungusha. Vikombe vitatu vinachezacheza kama maji. Cha nne kinavutika.

"Bado," anasema kwa sauti ndogo.

Pikipiki inasimama nje. Daktari anaingia akivua kofia yake ngumu, na Mwalimu anatoka nyumbani kwa kandambili, mswaki mdomoni. Hakuna anayemsalimia mwenzake vizuri. Daktari anawatazama wote wawili, kisha anafanya jambo la huruma: hazungushi maneno.

"Hakuna vijidudu," anasema. "Wametafuta vizuri. Kiwele ni safi."

Mwalimu anautoa mswaki mdomoni. Anaonyesha kikombe cha nne. "Na hii?"

"Hao ni askari wanaomalizia lindo, Mwalimu. Wape muda. Maziwa ya chuchu hiyo endeleeni kuyamwaga. Karibuni atakaushwa, yaani aachwe kukamuliwa ajiandae kuzaa, tutampa dawa ya kufungia kiwele, apumzike. Inawezekana chuchu hiyo isirudi kama zamani. Zile tatu hazina tatizo."

Kisha Mwalimu anatoa simu mfukoni, anampigia dalali, anamwambia asijisumbue kuja. Anasema hivyo mara mbili, kwa sababu dalali anabishana.

Mama Taratibu anakaa juu ya ndoo aliyoifudikiza na kulia waziwazi, mikono yake yenye mafuta ya kukamulia ikiwa juu ili asijipake usoni.

"Sasa unalia nini, na ndama ni wako?" Mwalimu anamwambia. "Ila kelele za mama yake tutagawana."

Jua linapochomoza, mkamuaji huyu anaosha ndoo zake na kupanga maisha. Leo atapita karakana amwambie mume wake aokote nyundo. Akizaliwa dume, atamkuza ambadilishe na jike. Akizaliwa jike, atamlea hadi awe mtamba, azae, akamuliwe hapa hapa bandani pamoja na wengine, Mwalimu ameshakubali. Na huyo hatapanga foleni nyuma.

"Atakuwa wa kwanza," anasema. "Na safari hii si kwa mapenzi, msije mkanisema! Daktari mwenyewe ametufundisha, mdogo asiyewahi kuugua ndiye anayeanza."

Anatikisa kitambaa cha Shangazi, kilicho peke yake mwisho wa kamba, anakibana vizuri kisipeperuke.

"Na mama yake?" anauliza Mwalimu.

"Mama yake atasubiri kule nyuma," anasema Mama Taratibu, "apige kelele mpaka achoke. Nami nitamsikiliza."