Seli Tupu Zilizong'aa

Mahbuba binti Badr alikuwa fundi wa maabara huko Al Khoudh, na miaka sita aliimaliza katika chumba cha giza, jicho kwenye hadubini. Alikuwa akiitafuta protini moja ya figo, ile ile iliyoharibika kwa baba yake hata akafa, na sasa kwa kaka yake Nasr. Yeye mwenyewe kasoro hiyo alikuwa nayo, ila haijamwangusha bado.

Protini haionekani hivi hivi. Mahbuba aliitia kijialama, kama mtu anavyomfunga mbuzi wake utepe shingoni, kisha akazimwagia seli kingamwili zilizotiwa rangi ya kung'aa. Kingamwili huitafuta alama na kuishika. Palipo na ukijani, ndipo ilipo protini. Kwa watu wa ukoo wao ilinasa katikati ya seli, isifike ukingoni kwenye kazi yake. Lakini seli zilipopewa dawa moja mpya, ukingo uling'aa. Dk. Hatem, mkuu wa maabara, akaandika makala, ikachapishwa. Nasr akaibandika ile picha ukutani kwake Al Khuwair, akawa anawaonyesha wanaokuja kumkagua.

Mwaka huu, mwezi wa Februari, akaja mwanafunzi mpya, Alaa. Akauliza, "Seli ambazo hazina protini yenye alama, mkizipa dawa, zinakuwaje?"

Mahbuba alifungua daftari la vipimo vya zamani. Seli tupu walizipima, lakini bila dawa. Wakati ule zilitoka nyeusi tii, akaona yatosha.

Siku tatu baadaye alizitazama seli tupu zilizopewa dawa. Ukingo uling'aa kijani vile vile. Akarudia mara tatu. Dawa ilizifanya kingamwili zigande ovyo ukingoni. Ukijani ule haukuwa protini.

"Umemwambia nani?" Dk. Hatem aliuliza.

"Alaa anajua."

"Basi tuandike barua ya kuifuta makala. Ilikuwa juu yangu kuuliza swali lile."

"Na juu yangu, daktari."

Jioni ile Mahbuba alimkuta Nasr ametoka kusafishwa damu, amelala ubavu, uso umemsawijika.

"Kaka, nna neno. Ile picha si kweli. Tulichokiona hakikuwa protini."

"Unanambia dawa haifanyi kazi?"

"Nakwambia hatujui. Hatukupata kujua."

Nasr alitazama dari. "Mwaka juzi Mama alitaka kunipa figo yake. Nlikataa. Nlisema ningoje dawa, asipasuliwe bure."

"Mimi ndiye niliyekwambia ungoje," Mahbuba akasema.

"Ndiyo. Wewe."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini. Mama yao, Bi Bakhita, alikuwa ameshapata kisukari. Madaktari wasingemkubali tena.

Makala ilifutwa mwezi wa Mei. Nasr alifariki Agosti, moyo ulimsimama akiwa kwenye mashine. Dada mtu alirudi kazini siku ya nne, akakaa pembeni mwa Alaa, wakaanza upya.

Bi Bakhita hakuambiwa kwamba picha ilikuwa ya makosa, wala nani alimwambia Nasr angoje. Wanawake wanaokuja kumpa pole huwasimulia kwamba yeye alikuwa tayari, figo ilikuwepo, ila mwanawe alimwonea huruma. Mahbuba huwa yupo hapo, anamimina kahawa.