Viatu Vipya vya Taki

Mke wa Taki hufunga mzigo wa mumewe kama mtu anayemfunga mwizi. Kila Taki anapoitwa kuwabebea wageni mizigo huko juu kwenye barafu, mwanamke huyo hupiga magoti jikoni, akakunja sweta, akalipiga kofi, akalisukumiza guniani. Soksi za sufu alizozifuma mwenyewe huzitumbukiza kwa matusi. Unga wa shayiri nao hupata kofi lake. Akianza kukaza fundo hung'ata ncha ya kamba, lakini kugomba haachi. Hugomba kwa meno.

Safari hii wapagazi walikuwa wamepewa viatu vipya vya barafuni. Taki alivipangusa kwa leso, akavirudisha ndani ya boksi.

"Hivi ni vya kuuza mjini Skardu," alisema. "Mimi raba zangu za plastiki zinanitosha."

"Zinakutosha?"

"Kila mtu anauza, bwana! Nani avae mali?"

Mkewe alitwaa kisu cha vitunguu, akaichora ile ngozi mikwaruzo huku na huku bila kuitoboa, kisha akaipaka masizi ya sufuria na siagi iliyochacha mpaka viatu vikanuka beberu.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Haya, nenda kauze!"

Mkewe akamsukuma akae, akapiga magoti, akaanza kumvisha, tena kwa nguvu, akitangulia na ule mguu ambao barafu ya mwaka jana iliubakizia vidole vitatu.