Dumu Langu Mbele ya Altare

Hapa Makambako, kuanzia stendi hadi sokoni, wananiita Mzee wa Dumu, na kwa kuwa kila mtu anaisimulia hadithi ya jina hilo anavyotaka, leo acheni niisimulie mwenyewe, maana aliyeaibika ni mimi.

Mdogo wangu Letisia, ninayeishi naye, figo zake zilishakataa kazi. Alikuwa anapimiwa maji, kikombe asubuhi na kikombe jioni, basi, kwa sababu alichokunywa kilikuwa hakitoki, kinashuka miguuni mpaka viatu haviingii. Nikasema nitampa figo yangu moja. Daktari wa Njombe akaanza kunipima, akanipa dumu jeupe la lita tano niweke mkojo wote wa saa ishirini na nne, Jumapili asubuhi mpaka Jumatatu asubuhi, ukipotea hata kidogo tunaanza upya (na Letisia hakuwa na siku za kuchezea). Akanisisitizia, "Kunywa maji kama siku zote."

Sasa kwangu siku zote, kwa baridi ya Juni na upepo wa huku, ni chai vikombe viwili, maji tunakutana bafuni. Nikawaza, figo inaenda kwenye usaili, nitaipelekaje hivihivi? Asubuhi ile nikanywa jagi zima, nikaongeza la pili, Letisia ananiangalia anameza mate, mimi najiona mwanamume.

Jamani, figo si mchezo. Robo saa haiishi nimeitwa chooni. Mkojo ulianza na rangi ya chai, ukapauka, ukapauka tena, mwisho ukawa maji matupu, ungemwekea mgeni kwenye glasi akashukuru. Kufika misa ya saa nne dumu lilikuwa karibu nusu, na kwa kuwa nilijua nitaitwa tena, nikaenda nalo kanisani nikalisukuma chini ya benchi.

Nilichosahau ni kwamba Jumapili ile watu walikuja na maji yao yabarikiwe. Nikaenda kukomunika, narudi, dumu halipo. Mama Skola, mwenyekiti wa jumuiya yetu asiyependa mtu akose baraka, aliliona limeachwa akanisaidia kulipeleka mbele, na sasa lilikuwa limepangwa kati ya madumu ya wenzangu, safi kuliko yote, katekista anapita anafungua vifuniko, Paroko ameshainua mkono.

Ningekaa kimya, mtu angelibeba akanyweshe watoto, na kipimo cha Letisia kingeenda nalo. Miguu ikanipeleka yenyewe.

"Baba, samahani, hilo langu lisibarikiwe."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ni mkojo, Baba." (Kipaza sauti kilikuwa wazi.) "Ni wangu, lakini ni kwa ajili ya Letisia."

Kanisa zima likanigeukia, nikatamani sakafu ipasuke. Paroko akalitazama lile dumu, akamtazama Letisia kwenye benchi, akafunga kifuniko mwenyewe akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akasema tumwombee dada yetu. Watu wakaomba, ingawa kwaya nzima mabega yalikuwa yanacheza.

Nyumbani nilidhani Letisia atanicheka mpaka jioni. Akaomba alishike. Akalipakata mapajani.

"Kaka, hii yote ni ya leo?"

"Ya asubuhi tu."

Akapapasa kifuniko. "Mimi ningetoa hata robo kikombe," akasema, "ningeimba."

Miaka arobaini na sita nimekuwa nikimwaga kitu hicho nyuma ya ghala la viazi huku napiga mluzi.

Jumatatu daktari alinigombeza kwanza, kwamba maji mengi kwa mkupuo huzimua chumvi ya damu, mtu anaweza kuanguka. Halafu akanieleza kwamba yeye anapima taka zilizotolewa na figo, na maji yangu hayawezi kumdanganya. Ukinywa mengi figo zinayaachia, ukinywa kidogo zinayabana, mchana na usiku, mwenye mwili hana habari, na kila moja haizidi ngumi. Nikaikunja ngumi yangu palepale kitini, nikaitazama. Kipimo kilikubali, vingine vinaendelea.

Maji ya sifa sinywi tena, nimekoma. Lakini nikiitwa chooni siku hizi, hata niwe na wateja dukani, naenda taratibu, na kofia naivua.