Nukta Moja Mwishoni mwa Meseji ya Kaka

Admin, naomba ufiche jina langu, maana watu wa Koboko wote wanajuana. Mimi ni mama mjane, nimepita miaka hamsini, nakaa Arua upande wa Oli, nauza sabuni na chumvi mlangoni kwangu. Kaka yangu alifariki mwaka huu shambani kwake Ludara, huko huko Koboko. Tulizaliwa wawili tu. Naandika kwa sababu ya meseji zake. Jambo lenyewe mtaliona dogo, lakini linanikosesha usingizi.

Mwaka 1979, serikali ilipoanguka, sisi watoto wa askari wake tulikimbia Koboko kuelekea mpaka wa Zaire. Tulipotezana na wazazi barabarani. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili, yeye kijana wa kubeba mzigo. Tuliingia kwenye nyasi ndefu kuliko mtu, mchana, jua kali. Yeye mbele akizikanyaga, mimi nyuma, na hatua chache tu nilikuwa simwoni tena. Nikaanza kulia.

Akaniambia, "Mimi itaongea tu. Wewe fuata sauti. Nikinyamaza, lala chini."

Basi akaongea. Aliongea habari za mbuzi wetu, za mwalimu mwenye viatu vinavyolia, za mihogo tutakayokula tukifika, kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Kisha akanyamaza katikati ya neno. Nililala kifudifudi, mdomo kwenye udongo. Nilisikia watu wenye buti wanapita. Nikangoja, nikangoja, mpaka sauti yake ikaanza tena palepale ilipokatika.

Huko Zaire mimi niliingia shule ya kanisa. Yeye alilima mashamba ya watu ili tupate kula, na darasani hakurudi tena. Tuliporudi nyumbani miaka ya themanini, mimi nilijua kuandika barua, yeye jina lake na kidogo zaidi.

Alipopata simu, uzeeni, alijifunza meseji. Mume wangu alipofariki, akawa ananiandikia kila asubuhi. Aliandika anavyoongea, Kiswahili chetu cha huku, hakuna mkato wala nukta:

"dada mimi iko salama mvua ya jana ilikuwa mingi mahindi imelala lakini itasimama wewe kula kitu usikae na chai peke yake ile kuku ya madoa imetaga ndani ya kofia yangu nimeachia yeye kofia"

Kwenye grupu la familia binti yangu alimtania, "Mjomba, meseji zako hazina breki!"

Akajibu, "breki ya nini na safari bado iko"

Tulicheka sana siku ile.

Sasa mtoto wake, ambaye ni mwalimu, anaandaa kijitabu cha ibada ya kumbukumbu. Aliniomba meseji hizo, nikampa. Amenirudishia zikiwa zimesafishwa. "Mimi iko" imekuwa "mimi nipo", na kila sentensi ina nukta yake. Nilikaa mlangoni nikajaribu kuzisoma kwa sauti. Kwenye nukta ya kwanza nilinyamaza, na mwili ukataka kulala chini. Nikaendelea, nukta nyingine, nikajikuta nimeinama juu ya sabuni. Mteja akaniuliza, "Mama, unaumwa?"

Nilimpigia simu mtoto wa kaka. "Mwanangu, huyu siye baba yako."

"Ndiye, Shangazi. Nimemvalisha shati tu," alisema. "Watakuja watu wa parokia na walimu wenzangu. Unataka wamcheke siku hiyo? Baba alinipeleka shule kwa baiskeli, akaniambia niandike vizuri, mtu asinicheke kama yeye alivyochekwa."

Kaka hakuwahi kuniambia kwamba alichekwa.

Jana kijana alikuja mwenyewe, akanywa chai. Halafu akasema, "Basi Shangazi, naacha zote kama alivyoandika. Kuku, kofia, vyote. Ila niruhusu nukta moja tu, kwenye ile meseji ya mwisho. Anayesoma ajue imeisha."

Meseji ya mwisho ni hii: "dada leo kifua inasumbua kidogo napumzika kwanza nitakuambia ingine"

Hakuandika tena. Najua kaka yangu amekufa, udongo niliutupa kaburini kwa mkono wangu. Lakini tangu asubuhi ile niko kwenye zile nyasi, nimelala chini kama alivyoniambia, nangoja aanze tena palepale ilipokatika. Kijana hana kosa, naye amefiwa kama mimi. Anasubiri neno langu apeleke kijitabu kuchapwa, na simu yake nimeiacha inaita tangu asubuhi.

Ninyi mliozika watu wenu, niambieni. Nimruhusu aiweke hiyo nukta?